Jitu la Chuma Linaposema Kiswahili: Kupanga Ukuaji wa Hadithi ya Roboti kutoka Cibitoke, Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna bunilizi moja ya kisayansi kuhusu roboti kubwa inavyoweza kupangwa ili ikue na kuwa ukoo wa sanaa, yaani kundi la kazi zinazotokana na ulimwengu mmoja wa kubuni na kuwafikia watu kupitia katuni, redio, filamu, vichezeo na mavazi. Mifano imechukuliwa Japani, Marekani na Ufaransa, kisha Kongo na eneo la Maziwa Makuu. Hoja kuu ni kwamba maamuzi ya lugha, yaani jina, istilahi, upatanisho wa kisarufi na haki ya tafsiri, yanapaswa kufanywa mwanzoni kabisa mwa mpango, kwa kuwa ndiyo yanayoamua kama hadithi itasafiri na kama itabaki mikononi mwa aliyeibuni. Makala yanapendekeza hatua tano zinazoweza kutekelezwa na wasanii wa mtaa wenye mtaji mdogo.

Istilahi muhimu: ukoo wa sanaa, bunilizi ya kisayansi, kitabu cha msingi, upatanisho wa kisarufi, hakimiliki

1.0 Utangulizi

Cibitoke inayozungumziwa hapa ni mtaa wa kaskazini mwa jiji la Bujumbura, katika tarafa ya Ntahangwa, wala si eneo la kaskazini-magharibi mwa Burundi lenye jina hilohilo. Ni mtaa wa avenyu zenye namba, unaopakana kimaisha na Kamenge, Kinama na Ngagara. Kirundi ndicho lugha ya nyumbani, Kifaransa ni cha darasani na ofisini, na Kiswahili husikika sokoni, kwenye gereji, katika muziki na katika mazungumzo na wageni kutoka Uvira au Kigoma. Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, nafasi ya Kiswahili shuleni nayo imepanuka.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuonyeshwa daftari la kijana mmoja wa mtaa huo. Kurasa zake zilijaa roboti kubwa zilizochorwa kwa subira: bawaba za magoti, mabomba ya mafuta, hata kutu mabegani. Roboti zote zilikuwa na majina ya kigeni. Kijana alieleza kwamba michoro miwili alikwisha kumpa mchuuzi wa fulana kwa malipo ya mara moja, bila karatasi yoyote. Fulana ziliuzwa, zikachapishwa tena, naye hakuambulia kitu zaidi. Alipoulizwa roboti yake husema lugha gani, alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba hakuwahi kufikiria kuwa inasema.

Mambo hayo mawili, kupoteza mchoro na kutokuwa na lugha, kwa kawaida hujadiliwa mbalimbali: la kwanza huachiwa wanasheria na la pili wanaisimu. Makala haya yanadai kuwa ni jambo moja. Roboti isiyo na jina lake, sauti yake na historia yake ni mchoro tu, na mchoro ukishatoka mkononi ni vigumu kuurudisha. Roboti yenye jina, sauti na historia ni mhusika, na mhusika anaweza kuzaa ukoo.

2.0 Ukoo wa sanaa ni nini?

Henry Jenkins, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu muungano wa vyombo vya habari, alifafanua usimulizi ambao kila chombo hutoa mchango wake katika kuijenga hadithi moja. Filamu husimulia sehemu yake, katuni husimulia nyingine, mchezo wa kompyuta nyingine. Anayefuata chombo kimoja tu hupata hadithi kamili kiasi. Anayefuata vyote hupata ulimwengu mpana zaidi.

Tunaliita kundi la kazi za aina hiyo ukoo wa sanaa kwa sababu uhusiano wake unafanana na wa ukoo wa watu. Kila mtoto ana sura yake, lakini anayeujua ukoo humtambua. Ukoo huo husimama juu ya mambo matatu. La kwanza ni ulimwengu wa kubuni wenye kanuni zisizobadilika ovyo. La pili ni vyombo vinavyopokezana kuusimulia. La tatu ni haki, yaani kujulikana nani anaruhusu nini kitengenezwe. Likikosekana la kwanza, kazi hupingana. Likikosekana la pili, hadithi hubaki daftarini. Likikosekana la tatu, mali hukua lakini mwenyewe hubaki mtazamaji.

3.0 Mafunzo matatu kutoka mbali

Hadithi za roboti kubwa zinafaa kuchunguzwa kwa kuwa zimeoana na biashara ya vichezeo tangu mapema. Mifano mitatu inatosha.

3.1 Gundam: hadithi iliyosubiri chombo chake

Mfululizo wa televisheni wa Mobile Suit Gundam, ulioongozwa na Yoshiyuki Tomino, ulianza kuonyeshwa Japani mwezi Aprili 1979. Ulikusudiwa kuwa na vipindi 52, lakini kwa kukosa watazamaji wa kutosha ulikatizwa baada ya vipindi 43. Mfadhili wake alikuwa kampuni ya vichezeo iliyowalenga watoto wadogo, ilhali hadithi yenyewe ilihusu vita, uchovu na vijana waliolazimishwa kukua haraka. Mwaka 1980 kampuni ya Bandai ilianza kuuza roboti hizo kama vifaa vya plastiki vya kuunganisha kwa mkono, na waliovinunua walikuwa wakubwa zaidi kwa umri. Filamu tatu zilizotokana na vipindi hivyo zilifuata mwaka 1981 na 1982. Mwaka 2009 sanamu ya Gundam yenye urefu wa mita 18 ilisimamishwa Tokyo.

Funzo ni kwamba kushindwa kwa chombo cha kwanza si kifo cha hadithi, mradi ulimwengu wake ni madhubuti. Gundam ilikuwa imewekewa miaka yake, majeshi yake na msamiati wake, hivyo ilipopata kichezeo kilichomfaa msomaji wake ilikuwa na cha kusimulia.

3.2 Transformers: vichezeo vilivyosubiri majina

Hali ya Transformers ilikuwa kinyume. Roboti zinazogeuka magari zilikwisha kutengenezwa Japani na kampuni ya Takara, zikiuzwa katika mafungu ya Diaclone na Microman. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ilipozichukua ilikuwa na maumbo bila hadithi. Kazi ya kuvipa vyuma hivyo nafsi ilikabidhiwa waandishi wa katuni wa Marvel. Bob Budiansky aliandika majina ya wahusika wengi pamoja na wasifu mfupi wa kila mmoja: tabia, hofu, udhaifu. Katuni ya kuchapishwa na ile ya televisheni zote zilitoka mwaka 1984.

Mwanaisimu hawezi kuupita mfano huu bila kusimama. Plastiki ilikuwepo na rangi zilikuwepo. Kilichokosekana ni nomino na maelezo. Aliyeviandika hivyo ndiye aliyegeuza bidhaa kuwa wahusika.

3.3 Goldorak: roboti yenye majina matatu

Mfululizo wa Grendizer, uliotokana na kazi za Go Nagai, ulianza Japani mwaka 1975. Ulipofika Ufaransa mwezi Julai 1978 roboti ilipewa jina Goldorak, na wahusika wake wakapewa majina yanayokumbusha nyota na sayari, kama Actarus, Alcor na Vénusia. Italia iliiita Goldrake. Nchi za Kiarabu zilibaki na Grendizer. Watoto wa pande hizo walimpenda jitu yuleyule kwa majina tofauti.

Kubadili jina kulisaidia mapokezi, lakini kunatufundisha kwamba tafsiri ni uumbaji wa pili. Asiyepanga mapema jina lake litasikikaje katika lugha za jirani atapangiwa na mwingine.

4.0 Karibu na nyumbani

Msomaji anaweza kuuliza kama mambo haya yana mizizi kwetu. Yanayo, ingawa hayajafikia ukubwa wa mifano iliyotangulia.

Mfano wa kwanza si wa kubuni. Kuanzia mwaka 2013, roboti za kuongoza magari zilisimamishwa katika makutano ya barabara jijini Kinshasa. Ziliundwa na kikundi cha wahandisi wanawake kilichoongozwa na Thérèse Izay Kirongozi. Zina umbo la mtu, zinampita mtu mrefu kwa kimo, na hutumia nguvu za jua. Zilizofuata mwaka 2015 zilipewa majina Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Mzungumzaji wa Kiswahili akilisikia jina hilo la mwisho hutabasamu, kwa maana kisanga katika lugha yake ni tukio la ajabu au lenye kusumbua. Bila filamu wala katuni, chuma kilichosimama njiapanda kilikwisha kupata jina, na penye jina masimulizi hayako mbali.

Mfano wa pili unaigusa Burundi moja kwa moja. Filamu ya Neptune Frost, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ilionyeshwa mara ya kwanza Cannes mwaka 2021. Matukio yake yamewekwa katika milima ya Burundi: wachimbaji wa koltani na wadukuzi wanakutana katika kijiji kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta. Ilipigwa nchini Rwanda, wasanii wa Burundi wakiwemo, na ndani yake husikika Kirundi, Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Filamu hiyo ni tawi la mradi mpana zaidi wa Williams, wenye albamu za muziki kama MartyrLoserKing ya mwaka 2016. Mhusika mkuu mmoja, Matalusa, anabeba jina lililotokana na mchezo wa maneno juu ya Martin Luther King, likapitishwa katika matamshi ya kwetu hadi likasikika kama jina la mwenyeji. Huu ni ukoo wa sanaa uliopangwa kuanzia kwenye sauti.

Mfano wa tatu ni Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi kumi za vibonzo kutoka nchi mbalimbali za Afrika, uliotolewa na Disney mwaka 2023. Jina la jumla ni la Kiswahili, ingawa filamu zenyewe hazikuandikwa kwa Kiswahili. Hii inaonyesha kwamba lugha yetu ina mvuto wa kuwa chapa duniani. Inaonyesha pia hatari iliyopo: Kiswahili kikaishia kwenye jalada huku kurasa za ndani zikiwa za wengine.

5.0 Hatua tano za mpango

Ili kufafanua mpango, tuchukue mfano wa kubuni. Wasanii watatu wa Cibitoke, mchoraji, mwandishi na mtaalamu wa sauti, wana hadithi ya jitu lililoundwa kwa vyuma chakavu ili kuzuia kingo za mto Ntahangwa zisiendelee kumomonyoka na kumeza nyumba. Mmomonyoko huo ni jambo ambalo mkazi wa Bujumbura halihitaji kuelezwa. Jitu ni la kubuni, lakini hofu ni ya kweli, na hapo ndipo hadithi hupata uzito.

5.1 Kuchagua jina linalovuka mipaka

Tuliite jitu hilo Chuma. Neno hili lina ndugu katika lugha za jirani: Kirundi husema icuma, Kinyarwanda icyuma, Kiganda ekyuma. Maana huanzia kwenye madini hadi kisu au mashine kutegemea lugha, lakini mtoto wa Bujumbura, wa Kigali, wa Kampala na wa Mwanza wote watalisikia jina hilo kama la nyumbani. Wasanii hawatahitaji kulibadilisha kama Grendizer ilivyobadilishwa. Tahajia ichaguliwe moja tangu mwanzo, kwani sauti inayoandikwa ch kwa Kiswahili huandikwa c kwa Kirundi, kama jina la Cibitoke lenyewe linavyoonyesha.

5.2 Kuandika kitabu cha msingi

Kitabu cha msingi ni hati ya ndani, haiuzwi. Hueleza kanuni za ulimwengu wa hadithi: jitu linaendeshwa na nani, linaweza nini, haliwezi nini, mwaka ni upi, adui ni nani. Kurasa zake ishirini zilizo wazi ni bora kuliko mia zilizojaa mapambo. Tunapendekeza kiwe na sehemu ambayo wapangaji wengi huisahau, yaani kanuni za lugha.

Sehemu hiyo ianze na faharasa ya istilahi: chumba cha rubani kiitweje, nishati iitweje, amri ya kuwasha jitu isemwe kwa maneno gani. Kisha ije sarufi. Kiswahili kinampa mwandishi nyenzo ambayo Kifaransa hakina. Nomino ya ngeli ya KI-VI ikitaja kiumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA: twasema kiboko amelala, si kiboko kimelala. Hivyo basi, mwandishi anaweza kuamua kwamba jitu likiwa halina rubani husemwa Chuma kimeanguka, na likiwa na rubani husemwa Chuma ameanguka. Anayesikia sentensi ya kwanza huwaza gharama ya matengenezo. Anayesikia ya pili huuliza kama amepona. Na siku wahusika wanapoanza kusema Chuma ameamka wakati hakuna mtu ndani, hadithi nzima imegeuka kwa kiambishi kimoja.

Kifaransa hutumia kiwakilishi kilekile kwa mtu na kwa kitu cha jinsi moja, na Kirundi kwa kawaida hufuata ngeli ya nomino yenyewe. Matoleo ya lugha hizo yatahitaji mbinu nyingine, labda sauti ya msimulizi au jina la heshima, na kitabu cha msingi kiitaje mbinu hiyo ili mfasiri asiikose.

5.3 Kuanza na chombo kinachomudika

Kosa la kawaida ni kuota filamu kwanza. Vibonzo vya roboti kubwa ni kazi ya studio, mashine na miaka. Katika mchezo wa redio, kwa upande mwingine, jitu la mita 18 halina gharama kuliko mbuzi: vyote viwili ni sauti. Pipa, mnyororo na ukimya uliopangwa vizuri vinatosha kumfanya msikilizaji ainue kichwa kutazama juu.

Burundi ina historia ya kujivunia katika jambo hili. Mchezo wa redio Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri na kutayarishwa na Studio Ijambo iliyoanzishwa mwaka 1995, ulirushwa kwa mamia ya vipindi na kuwakusanya majirani wa makabila tofauti kusikiliza habari za majirani wa kubuni, katika miaka ambayo majirani wa kweli walikuwa wakiogopana. Hadhira iliyozoea kufuata hadithi kwa masikio kipindi baada ya kipindi ni mtaji ambao wengi hawana.

Baada ya redio ije katuni ya kuchapishwa, kisha fulana na vichezeo, na filamu iwe ya mwisho. Kila chombo kiongeze kitu: redio itoe sauti ya Chuma, katuni ionyeshe sura yake, kichezeo kimpe mtoto nafasi ya kuwa rubani.

5.4 Kugawa lugha kwa makusudi

Hadithi ya Cibitoke si lazima iseme lugha moja. Wahusika wa nyumbani wanaweza kusema Kirundi, fundi aliyevuka kutoka Uvira akasema Kiswahili cha Kongo, ripoti za serikali zikaandikwa kwa Kifaransa. Swali ni Chuma asema nini. Tunapendekeza aseme Kiswahili. Si kwa kukidharau Kirundi, ambacho ndicho moyo wa hadithi, ila kwa sababu Kiswahili ndicho kinachomwezesha jitu la mtaa mmoja kueleweka Lubumbashi, Mombasa na Dodoma bila kubadilishwa. Aidha, katika hadithi yenyewe kuna mantiki: jitu lililoundwa kwa vyuma vilivyookotwa kila upande wa ziwa litasema lugha ya pande zote za ziwa.

5.5 Kulinda haki, pamoja na haki ya lugha

Sheria ya hakimiliki hailindi wazo tupu. Hakuna anayeweza kumiliki wazo la roboti kubwa. Kinacholindwa ni namna wazo lilivyoelezwa. Burundi ina sheria ya hakimiliki na haki shirikishi, Na. 1/021 ya tarehe 30 Desemba 2005, na sheria ya mali ya viwanda, Na. 1/13 ya tarehe 28 Julai 2009, inayohusu pia alama za biashara. Kitabu cha msingi kilichoandikwa, kikawekwa tarehe na kutiwa saini na wabunifu wote, kinakuwa ushahidi wa namna wazo lilivyoelezwa. Hapa ndipo kazi ya mwanaisimu na ya mwanasheria zinapokutana: kadiri mhusika anavyofafanuliwa kwa maneno mengi mahususi, ndivyo anavyolindika zaidi.

Kabla ya kuuza chochote, wasanii wakubaliane wao kwa wao kwa maandishi kuhusu mgawo wa kila mmoja. Kisha kila ruhusa wanayoitoa itaje mambo matano: chombo gani, lugha gani, eneo gani, muda gani, malipo gani. Jambo la pili ndilo linalosahaulika. Mkataba unaosema lugha zote unaweza kumfunga mbunifu asiweze kuwasimulia jirani zake hadithi yake mwenyewe kwa Kiswahili au Kirundi mpaka apate idhini ya mtu aliye ng'ambo. Kwa hiyo haki ya matoleo ya Kiswahili na Kirundi ibaki kwa wabunifu, hata pale haki za Kifaransa au Kiingereza zinapokodishwa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ukuaji wa hadithi ya roboti kubwa hauanzi kwenye kiwanda wala kwenye studio. Gundam ilinusurika kwa sababu ulimwengu wake ulikuwa umekamilika. Transformers ziliishi kwa sababu mtu alikaa chini akaziandikia majina. Goldorak alipokewa kwa sababu mfasiri alijua kuumba upya. Katika eneo letu, lugha zenye ndugu wengi kama Kiswahili na Kirundi ni rasilimali ya kupangia, wala si kikwazo cha kuvukwa baadaye.

Kwa walimu wa Kiswahili nchini Burundi pendekezo ni dogo na linatekelezeka: zoezi la insha liwe pia zoezi la kitabu cha msingi, mwanafunzi abuni kiumbe, akipe jina, istilahi na kanuni za upatanisho, kisha atie tarehe na jina lake. Kijana mwenye daftari la roboti anajua tayari kuchora bawaba za goti. Anachohitaji kutoka kwetu ni sentensi ya kwanza ambayo jitu lake litasema, na karatasi inayoonyesha kuwa sentensi hiyo ni yake.